Kilichopita

Saa moja kasoro, ziwa limelala kama bati jipya.
Hakuna upepo. Soksi ya upepo pale Usoma
inaning'inia kama mkono wa shati usio na mkono ndani.
Nilifurahi, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Nyuma yangu Opondo wa maabara ya Kisian
amelipakata kasha la barafu kama mtoto mwenye homa:
chupa arobaini za damu kutoka Mfangano,
kila moja na karatasi yake, jina, umri, kijiji.
"Polepole," aliniambia tulipopaa. "Hizi ni za watoto."

Kiwanja kina foleni asubuhi hii.
Mmoja yuko chini, anaomba kuondoka,
mwingine anateremka kutoka Eldoret,
na mbele yetu, likiwa limekunjua magurudumu, kubwa la Nairobi.
Khasiala wa mnarani akasema, kwa sauti yake ya mtu anayekunja nguo:
"Wewe wa pili. Acha nafasi. Jihadhari na mkia wake."
Nikajibu nimesikia.
Kusikia nilisikia.
Lakini mkia gani, na anga limefagiliwa hivi?

Maiyo, aliyenifundisha, alikuwa akichora ubaoni
visulisuli viwili, kila bawa na chake.
"Opiyo na Odongo," akisema kunichekesha mimi Mjaluo,
"pacha, mmoja huku, mmoja kule, wanazunguka
na wanashuka. Daima wanashuka.
Siku ya upepo hupeperushwa, wakafa.
Iogope siku tulivu."
Niliandika daftarini. Nilipata alama nzuri.

Tulipopita juu ya magugumaji
kitu kikalishika bawa la kushoto
kama mdai anavyoshika kola.
Hapakuwa na ngurumo. Hapakuwa na wingu.
Ziwa likasimama dirishani, wima, ukuta,
kilima cha Riat kikaenda mahali pa mbingu,
kalamu yangu ikaelea, ikanitazama usoni.
Opondo hakupiga kelele.
Alisema jina la mama yake, mara moja,
kama anayemwita yuko jikoni.

Mikono ilijua kabla yangu:
pua chini, nguvu yote, usukani kulia, kulia, kulia,
na mguu ukikanyaga kama wa fundi cherehani
mpaka upeo ukarudi mahali pake
umeinama kidogo, kama picha ukutani
baada ya mlango kubamizwa.
"Nazunguka tena," nikasema.
"Zunguka," akasema Khasiala,
na safari hii sauti yake haikukunja kitu.

Wanasema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.
Huyu hakupigana na mtu.
Alipita tu, kwa saa yake, kwa adabu zake zote,
abiria wake wakifunga mikanda, wakitafuta viatu chini ya viti.
Hata kioo cha kutazama nyuma hakupewa.

Mara ya pili nilikaa juu ya njia yake,
nikatua mbele ya alama za magurudumu yake,
mbali, upande wa Otonglo.
Rubani wao alinipungia mkono. Nami nikampungia.

Opondo akapiga magoti kwenye lami, akafungua kasha.
Akahesabu. Akahesabu tena.
Thelathini na tisa.
Ya arobaini imepasuka shingo,
barafu imegeuka rangi ya waridi.
Akaikunjua karatasi iliyolowa, akaisoma taratibu:
"Akelo. Miaka mitatu. Sena."
Akelo: ndivyo aitwavyo anayezaliwa nyuma ya pacha.

Kesho mtu atapanda boti hadi Sena,
amshike mkono uleule, sindano tena,
na mama yake atauliza kwa nini,
na ni haki yake.
Nimekaa kwenye kivuli cha bawa, simu mkononi,
natafuta neno.
Kuna ndege ilipita, mama.
Haikutugusa.
Ilipita.